Swali la Darasa la Nne

Kawira, mwalimu wetu mtarajiwa, muga sana, salamu za kwetu.

Huku Kibirichia baridi imechoma majani ya viazi, lakini kaka yako ananawiri tu. Hata madereva wa malori wanaopeleka viazi vyangu Namanga wananiita Profesa, na wewe unajua niliishia darasa la nne.

Mama ameniambia unataka kuacha chuo. Eti kwenye mazoezi ya kufundisha uliandika 42 toa 17, ukawaambia watoto wakope moja kwa jirani, na mmoja akauliza, "Mwalimu, tutairudisha lini?" Darasa likacheka, ukarukia hesabu nyingine, na aliyekuja kukukagua akaandika kwamba hujui unachofundisha.

Sasa sikia jambo ambalo sijamwambia mtu. Swali hilo hilo niliuliza mimi. Mwalimu akasema, "Gedion, wewe ni mchekeshaji," akanisimamisha kona mpaka kengele. Wote walicheka, nikacheka nao, na hiyo ndiyo kazi nimefanya tangu siku hiyo. Lakini sikuwa natania, Kawira. Nilitaka kujua kweli. Muhula uliofuata sikurudi.

Mpaka leo sijui kwa nini ile moja ikishakopwa inakuwa kumi. Magunia yangu nahesabu kwa vijiti.

Huyo mtoto wako pia hakuwa anatania. Rudi Jumatatu umjibu, kabla hajazoea kuchekesha watu. Ukishapata jibu, niandikie na mimi, polepole.

Ni mimi kaka yako Gedion, bado nimesimama kona.