Mara Thelathini za Lavelle

Hollis Bend, Mississippi
25 Septemba 1994

Mjukuu wangu Lavelle,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na unakula. Mimi sijambo, ila nyonga ndiyo inayoniamsha siku hizi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unaniambia "niko sawa, Bibi" hata ukiwa na homa.

Jana Shemasi Hobart na mkewe walikuja kukutazama ukicheza futiboli kwenye televisheni yangu. Nilikaanga kambare. Yule mtangazaji, Rex Dunleavy, akasema kwamba kila mechi uliyopewa mpira ukimbie nao kwapani mara thelathini au zaidi, Chuo cha Marlow hakijashindwa hata moja. Leo kanisani hawana neno jingine. "Thelathini, Dada Tolliver," wananiambia, "wampe thelathini!" Nilijivuna, sikufichi. Lakini jioni nilipakua sahani mbili kwa mazoea, moja ikabidi niirudishe sufuriani.

Sikukuu ya Shukrani, Novemba, utakuja?

Bibi yako,
Earnestine


Marlow, Iowa
9 Oktoba 1994

Bibi mpenzi,

Shikamoo. Pole na nyonga. Umwambie binti wa Hobart akubebee kuni, usijifanye msichana. Mimi mzima.

Ile hesabu ya Dunleavy imekaa kichwa chini miguu juu. Tukishaongoza kwa pointi nyingi, kocha ananipa mimi mpira tena na tena ili saa itembee mechi iishe. Nafika thelathini kwa sababu tumeshashinda, Bibi. Hatushindi kwa sababu nimefika thelathini. Tukiwa nyuma tunaurusha mpira mbele ili tufunge haraka, mimi naambulia mara kumi na tano.

Ijumaa Dunleavy alikuja mazoezini nikamweleza hayo. Alinisikiliza vizuri, kisha akanishika bega. "Uko sahihi, kijana," akasema. "Lakini maelezo yako ni marefu, na mimi hewani nina sekunde nane."

Sasa watu wanakuja uwanjani na mabango ya thelathini, na kocha anaogopa kazi yake, basi ananipa mpira tangu mwanzo. Goti la kushoto linavimba. Ningekataa, ila watu elfu arobaini wakiita ile namba, miguu inaondoka yenyewe.

Sikukuu kocha hatoi ruhusa, tuna mechi Jumamosi yake. Labda Krismasi. Hapa bwenini asubuhi hakuna anayeimba akichemsha kahawa. Sikujua kama ningekumbuka hata kuimba kwako kubaya.

Mjukuu wako,
Lavelle


Hollis Bend
23 Oktoba 1994

Lavelle wangu,

Hujambo? Na goti je? Swali langu ni hilo la goti, usinijibu habari za masomo.

Jana mlikuwa nyuma tangu mwanzo, na bado walikupa mpira, wanaume watatu wanne wanakuangukia, unainuka, wanakupa tena. Mara mbili nilikuona ukisimama kwa kusukuma ardhi na mkono, kama marehemu babu yako alipokuwa akitoka shambani. Mtangazaji anahesabu. Shemasi naye anahesabu kwa sauti. Nikamwambia akahesabie kwake.

Mwambie kocha linauma. Mdomo unao. Huku kwetu hakuna atakayekupenda zaidi kwa thelathini, wala pungufu kwa kumi na tano. Niandikie upesi.

Bibi yako


Hollis Bend
6 Novemba 1994

Mwanangu,

Barua yangu hukuijibu. Sina haja tena ya jibu, nina haja ya sauti yako. Nimepiga simu hospitali, muuguzi kanijibu kwa upole kwamba umelala, wamekupasua goti jana usiku.

Niliona. Ilikuwa mara ya thelathini na mbili. Waliinuka wote juu yako, wewe hukuinuka. Dunleavy akasema kwamba sasa ile rekodi iko hatarini, kisha wakaleta tangazo la biashara. Waliporudi ulikuwa umeshatolewa, na mechi mkashindwa.

Nikiruhusiwa na daktari wangu wa nyonga nitapanda basi. Asiporuhusu nitapanda vilevile.

Bibi


Marlow
20 Novemba 1994

Bibi yangu,

Shikamoo. Ulinikataza kwenye simu nisikufiche, basi sifichi. Nitatembea vizuri. Kukimbia, daktari anasema, nisahau. Chuo kitaniacha nimalize masomo.

Usipande basi. Nakuja mimi. Mchezaji asiyecheza hahitaji ruhusa ya kocha, kwa hiyo Sikukuu niko nyumbani. Kowalczyk, yule wa chumbani kwangu, atanifikisha kituoni na magongo yangu.

Jana Dunleavy alikuwa na hesabu mpya: tangu Tolliver aumie, Marlow imeshinda mechi mbili kati ya mbili. Timu zenyewe mbili ndizo dhaifu kuliko zote. Nilicheka peke yangu mpaka nikanyamaza ghafla, kwa kuwa nilitaka kumgeukia mtu na mtu hayupo.

Barua hii ikifika kabla yangu, weka kahawa jikoni.

Lavelle


Hollis Bend
28 Novemba 1994

Mjukuu wangu,

Natumaini umefika salama na mguu haukuvimba njiani. Nyumba imetulia mno. Pai ya viazi vitamu imebaki kipande, nimekifunika, sijui namfunikia nani.

Kuna jambo sikulisema ukiwa hapa. Tangu Septemba kila usiku nilimwomba Mungu akulete nyumbani Sikukuu. Kakuleta. Nilikuwa nakukatia nyama mezani nikawaza, mimi sikumwambia akulete kwa njia gani.

Na jibu ulilompa Shemasi limenikaa moyoni. Aliposema mara thelathini zilikuwa na baraka zake, wengine wangemkemea. Wewe ulimwambia taratibu, "Zilikuwa goti langu, mzee," ukampitishia mkate wa mahindi. Leo asubuhi amekuja kupasua kuni bila kuitwa.

Jana kituoni dereva alipowasha injini nilitamani iharibike. Basi zima limejaa watu wanaorudi kwao, na mimi naliombea liharibike. Ulinitazama dirishani kama mtu anayengoja kuambiwa neno. Nililijua neno lenyewe. Sikukuomba ubaki, Lavelle, kwa sababu ningekuomba, ungebaki.

Bibi yako,
Earnestine