Pasi ya volti 110

Destin, leo asubuhi mama nisiyemjua alibisha hodi kwetu Buyenzi na pasi mpya mkononi. Anaitwa Mawazo, anafua na kupiga pasi nguo za watu.

"Wameniambia hapa kuna mutoto amesoma umeme."

Dada yake alimtumia pasi ile kutoka Kanada. Imeandikwa volti 110, amperi 10. Akauliza kama umeme wetu wa 220 utaiunguza.

Nikapiga hesabu mbele yake. 220 mara 10, wati 2200. Nikamwambia, "Apana mama, itapata moto haraka tu. Chomeka."

Nilisema chomeka.

Ikatoa moshi, ikafa.

Rezistansi yake, ule ukinzani wa waya wa ndani, haibadiliki, Destin. 110 gawanya kwa 10, omu 11. Ukiipa volti 220 inavuta amperi 20. Ni wati 4400, mara nne ya ilivyotengenezwa. Mimi niliacha amperi 10 palepale, na diploma iko ukutani.

Hakunitukana. Alisema tu, "Sasa nguo za harusi ya watu nitazifanya namna gani? Wanazifuata saa kumi."

Nikamwahidi zitakuwa tayari.

Unajua saa nane nilikuwa na mahojiano ya kazi, yale niliyoyangoja mwaka mzima. Nilichukua pasi yetu ya nyumbani hadi kwake, tukapokezana kupiga nguo. Saa nane ikapita nikipiga pasi mikono ya kanzu.

"We leo hauna kazi?" akauliza.

Nikasema sina, nikamwomba anipe kanzu ya bwana harusi.

Saa kumi wenye harusi walikuja, wakachukua nguo zote.