Kikao cha Dharura Kuhusu Namba Tisa Kubaki Mlimani

CHAMA CHA MTAA WA KAMIHARA
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumapili, 10 Novemba
Mahali: Ukumbi wa mtaa, chumba cha mikeka

Waliohudhuria:
Bw. Otsubo Kiyoharu – Mwenyekiti
Bw. Sugaya Norifumi – Msimamizi wa safari
Bi Hamanaka Tokie – Mjumbe
Mzee Kuramoto Eikichi – Mwanachama, mwalikwa
Bi Nezu Chisato – Katibu

Asiyehudhuria:
Dereva wa basi (amepeleka kundi jingine kuona majani)

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alieleza kwamba Jumatano iliyopita chama kilikwenda safari yake ya kila mwaka, kuzunguka Mlima Tsuzura kwa basi na kutazama majani ya vuli yanavyogeuka mekundu, na kwamba Mzee Kuramoto aliachwa kileleni. Bw. Sugaya alipinga neno "aliachwa". Alisema huenda "alipotea". Mwenyekiti aliagiza suala hilo lisubiri. Katibu aliuliza aandike nini kwa sasa. Aliambiwa aandike "hakuwamo ndani ya basi".

KUMB. NA. 2/11: SIMU KUTOKA OSAKA
Mwenyekiti alieleza kwamba Yasuhiko, mtoto wa Mzee Kuramoto, alipiga simu akitaka jibu la chama usiku huu. Kama baba yake alipotea mwenyewe, basi akili imeanza kuchoka, na atamhamishia Osaka kabla ya Mwaka Mpya na kuifunga nyumba. Kama alisahauliwa na wenzake, atamwacha aendelee kukaa Kamihara.

Mzee Kuramoto aliomba nafasi ya kusema. Alisema: "Huko Osaka wanakaa ghorofa ya kumi na moja. Figili zangu nitazitundika wapi zikauke? Kwenye lifti?"

KUMB. NA. 3/11: YALIYOTOKEA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba kileleni ukungu ulikuwa mzito na hakuna aliyeona jani. Muda wa kuondoka ulipofika dereva alipiga honi, abiria wakaitika namba zao kwa kufuata viti, kama kawaida.

"Namba zilitimia," alisema Mwenyekiti. "Nilizisikia kwa masikio yangu."

"Na mimi nililiona basi likiondoka kwa macho yangu," alisema Mzee Kuramoto, ambaye namba yake ilikuwa tisa.

Bw. Sugaya alisisitiza kwamba wakati wa kushuka mlima Mzee alikuwamo, kwa sababu yeye mwenyewe alimpa chenza kwa kupitisha mkono juu ya kiti na akashukuriwa.

"Sikula chenza," alisema Mzee.

"Labda umesahau, Mzee wangu."

"Nimesahau chenza uliyoitoa wewe bondeni, mimi nikiwa mlimani?"

Bi Tokie, aliyekaa namba nane, alisema mkono uliopokea chenza ulikuwa wake. Bw. Sugaya aliuliza mbona sauti ya shukrani ilikuwa nzito. Bi Tokie alijibu kwamba alikuwa na mafua, na kwamba Bw. Sugaya angegeuza shingo angemwona.

Mwenyekiti aliomba watu wasikumbushane mambo ya chenza.

KUMB. NA. 4/11: KUMTAFUTA
Ilielezwa kwamba wote walidhani Mzee amelala chini ya koti lake lililokuwa kwenye kiti. Walipofika chini, koti liliinuliwa na hapakuwa na mtu. Mwenyekiti alimpigia simu. Simu iliita ndani ya koti.

Kwa kuwa barabara ya kupandia Tsuzura ni moja na ya kushukia ni nyingine, basi halikuweza kugeuza. Lilizunguka bonde na kupanda upya. Wakati huohuo mwenye kibanda cha chai cha kileleni alikuwa akimteremsha Mzee kwa gari lake kwa barabara ile nyingine, kwa hiyo hawakukutana. Kileleni waliambiwa ameshuka. Chini waliambiwa amepanda treni. Bw. Sugaya alitaka basi lipande tena, ila hakuweza kueleza ni kwa nini.

Waliporudi mtaani walikuta taa ya ukumbi inawaka, na Mzee Kuramoto amewachemshia chai.

KUMB. NA. 5/11: KUHESABU UPYA
Mwenyekiti alikiri kwamba bado haelewi namba tisa iliitikaje. Alipendekeza wajumbe wakae kama kwenye basi na kuhesabu, kuanzia saba.

Bw. Sugaya alisema saba. Bi Tokie alisema nane. Ikaitikwa tisa. Katibu akasema kumi. Mwenyekiti alishukuru na kusema hesabu imetimia.

Katibu alieleza kwamba Mzee Kuramoto hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa na kikombe mdomoni. Aliyesema tisa ni Bi Tokie.

Bi Tokie alitazama mikono yake, kisha akaomba radhi, paji la uso likigusa mkeka. Alieleza kwamba tangu Mzee afiwe na mkewe, kila safari hukawia kurudi kwenye basi. Watu huanza kutazama saa, naye huona aibu kwa niaba yake, kwa hiyo humwitikia, na Mzee hutokea kabla dereva hajafunga mlango. "Safari hii nilimwona anakuja," alisema. "Au niliona mtu anakuja. Ukungu ulikuwa mwingi. Nimemwitikia hata sasa hivi, na sikujua."

Mzee Kuramoto alisema: "Kumbe! Miaka yote nachelewa na hakuna anayeniita. Nilidhani mna subira."

Bi Tokie alimuuliza alikuwa anafanya nini huko.

"Natazama. Basi lilipokata kona ukungu ukafunguka. Mlima wote mwekundu, mpaka chini mtoni. Nikawapungia mkono mrudi."

Mwenyekiti alisema ilikuwa haki yake kutaka basi lirudi, bila koti, kwa baridi ile.

"Si kwa sababu ya koti," alisema Mzee. "Nilitaka muone."

KUMB. NA. 6/11: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba neno ni "aliachwa". Bw. Sugaya aliomba iandikwe kwamba hana pingamizi tena.

Mwenyekiti alimpigia Yasuhiko mbele ya kikao, akasema, "Tulimwacha sisi," akainamisha kichwa ingawa hakuonekana. Yasuhiko akasema sawa, baba abaki, ila safari nyingine avae simu shingoni. Mzee aliomba simu na kumwambia aje Desemba kubeba figili.

Iliazimiwa pia kwamba hakuna mtu kumwitikia mwenzake.

KUMB. NA. 7/11: KUFUNGA KIKAO
Kabla ya kutoka, Mwenyekiti alihesabu watu mlangoni kwa namba zao za basi. Baada ya nane hapakuwa na jibu, kwa kuwa Mzee Kuramoto alikuwa ameinama akitafuta kiatu chake cha kushoto. Bi Tokie aliziba mdomo kwa kiganja. Wajumbe walisubiri. Hakuna aliyetazama saa, kwa hiyo Katibu hana saa kamili ya kufunga.

"Tisa," alisema Mzee Kuramoto, na kikao kikafungwa.

Otsubo Kiyoharu ……………… Mwenyekiti
Nezu Chisato ……………… Katibu