Mjomba Amenaswa na Waifai Yangu

Napenda kuwatangazia wasomaji wote, kwa heshima na taadhima, kwamba nenosiri la waifai ya nyumbani kwetu limebadilishwa, na kila mtu amepewa isipokuwa mimi.

Mpendwa mshauri, hapo ndipo naomba msaada, maana nyumba ni ya mjomba wangu, kaka yake mama, profesa wa usalama wa mitandao aliyenilea na kunisomesha hadi nikaifuata kazi yake, na kwake nenosiri haliandikwi popote, yeye mwenyewe humnong'oneza kila mtu sikioni, hata wakwe wakija huinama wanong'onezwe, kwa hiyo mimi kurukwa ni sawa na kufukuzwa huku bado napakuliwa chakula.

Kosa langu ni kushinda. Juzijuzi palikuwa na mkutano wa wataalamu wa mitandao ya kompyuta ya kesho na usalama wake, mjomba akiwa mwenyekiti, na mimi, kwa ruhusa ya kamati ya maadili ya utafiti, nikatega waifai ya bandia ukumbini, nikaipa jina la mkutano na nenosiri refu lenye alama za ajabu ajabu, nikalibandika mlangoni, kwa sababu niliamini mtaalamu akiona nenosiri gumu atasema hapa pako salama wala hatauliza nani amelibandika, na kweli, mjomba alipokuwa jukwaani akisema, "Ndugu zangu, anayenaswa siku hizi ni mzembe tu," simu yake ilikuwa imeshanasa zamani, pamoja na karibu ukumbi mzima. Zamu yangu ilipofika nikaonyesha ukutani majina ya simu zote, ya kwanza "Prof Mwenyekiti", ikifuatiwa na "Malkia wa Nasaha" ambayo mpaka leo sijui ni ya nani, basi ukumbi ukalipuka, watu wakasimama, wakapiga meza, hasimu wa mjomba akacheka mpaka akavua miwani, nikatangazwa mshindi wa utafiti bora, na tangu hapo mjomba hanisemeshi. Mama anasema, "Umemvua nguo kaka yangu mbele za watu, karudishe hiyo tuzo!" Mke wa mjomba yeye ananikonyeza tu jikoni.

Nirudishe tuzo ili nimpate mjomba?

Mimi, Mtega Waifai

*

Mtega Waifai,

Urudishe tuzo? Thubutu! Hongera, mwanangu. Umewabwaga watu waliosomea kutonaswa, tena kwa karatasi na gundi. Tuzo iweke sebuleni, mahali ambapo mama yako atalazimika kuifuta vumbi.

Lakini na wewe umezidi. Si ungetaja idadi tu ikatosha? Majina ya nini? Ulitaka kuthibitisha utafiti, au ulitaka kumwona mzee wa watu akitafuta pa kuuficha uso? Kunaswa angekusamehe, ndiyo kazi yenu. Kuchekwa na hasimu wake, na aliyemchekesha ni mtoto aliyemlea mwenyewe, hilo ndilo limemkaa kooni.

Sasa sikiliza. Nenda kwake leo hii. Usimtumie ujumbe, wala usimtume mama. Mwambie, "Mjomba, matokeo ni ya kweli na siyafuti, ila jina lako sikupaswa kulianika. Nisamehe." Kisha, kabla hajapata nafasi ya kununa upya, muulize mtego wako una udhaifu gani, na yeye angeutegaje. Sijaona profesa anayeweza kununa huku anajibu swali la kazi yake. Atasaka kalamu, atakuchorea, atakukosoa mpaka chai ipoe. Akimaliza, mwinamishie sikio, utulie.

Na makala yako isichapishwe kabla hujafuta majina yote. Yote, nimesema, siyo la mjomba peke yake.

Malkia wa Nasaha ni mimi. Nilipita pale kunywa chai ya bure.