Pasi ya Marehemu Baba Yenu

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, na za jirani mshona viatu, ambaye kila akiniona anauliza habari zako kama vile uliondoka jana. U mzima? Mume wako hajambo? Mjukuu wangu kikohozi kimemwachia? Mimi nipo, napumua. Ukiona mwandiko umelala kama mlevi usinicheke. Shule yangu unajua ilipoishia, na leo kuna sababu nyingine, utaijua.

Yale makumbusho ya katikati ya mji yamefunguliwa. Jengo zuri, vioo vitupu, ukipita unajiona ulivyozeeka. Lakini kwetu yameleta balaa. Barabara imefungwa magari yasipite, kituo cha basi kimehamishwa, na wateja hawataki kutembea kutwa wakitafuta fundi wa suruali. Wajenzi walikata umeme wa upande wetu na haujarudi, ndiyo maana mdogo wako akaitoa uvunguni pasi ya mkaa ya marehemu baba yenu. Mtaa umegawanyika. Muuza chai anasema wageni wamemletea neema. Mshona viatu anasema wageni gani hao, viatu vyao havichaniki. Aliyeumia zaidi ni jirani yetu wa bucha. Aliambiwa harufu ya duka lake inawakera wageni, ahame. Mtu aliyekulia ndani ya bucha ile, mwanangu.

Ndani ya makumbusho wameweka chumba cha kazi za zamani za mtaa wetu. Bwana mmoja wa makumbusho alikuja kuiomba pasi wakaiweke kwenye kioo. Mdogo wako akamwambia asubiri kwanza amalize kunyoosha suruali ya mtu. Tulicheka hadi machozi. Hatujacheka tena.

Kosa la mdogo wako ni kukubali kushona sare za walinzi wa makumbusho. Nilimwambia akatae. Akaniuliza basi tule nini.

Jumamosi asubuhi watu wakaenda kuvunja vile vioo. Mlinzi wa getini walimpiga mawe hadi akalala, meno yake niliyaona kwenye ngazi. Polisi wakarusha mabomu ya machozi, watu wakarudi mtaani mbio na hasira zao zote. Ndipo yule wa bucha alipoziona sare zimetundikwa mlangoni kwetu. Akaingia na shoka lake la mifupa, wenzake wawili nyuma. Akamwita mdogo wako msaliti, akamuuliza kama na sanda zetu ameshazishona. Wakaangusha cherehani. Wakamburuta kwa ukosi wa shati, wakamlaza uso chini juu ya meza ya kukatia vitambaa, mmoja akamkalia mgongoni, mwingine akaunyoosha mkono wake. Yule wa bucha akasema atamkata vidole, tuone atashonea nini. Akainua shoka.

Alianguka yeye. Walimpeleka hospitali upande mmoja wa uso umeungua kwa umbo la pasi na mfupa wa kichwa umeingia ndani. Jana amefariki. Ndiye aliyekuwa mbele kulibeba jeneza la baba yenu, unakumbuka. Mkewe analia, namsikia kupitia ukutani.

Polisi walipouliza nani alishika pasi, hakuna aliyefikiri mara mbili. Kwa mafundi wa mtaa wetu pasi ni ya mwanamume, mwanamke anashona vifungo. Wale wawili hawawezi kueleza bila kusema walikuwa wamemshika, wamekaa kimya. Mdogo wako mwenyewe akasema ni yeye. Akaniangalia ninyamaze, nami nikanyamaza. Wakamfunga pingu.

Sasa kaa chini, mwanangu. Ni mimi. Ule mpini umelegea tangu enzi za baba yenu, mdogo wako huufunga kitambaa kilicholowa kabla ya kuushika. Mimi sikuwahi kuishika pasi ile, nilijulia wapi. Nilipompiga mpini ukachomoka. Nikaiokota pasi kwa kiganja, na moto wake, nikampiga tena. Lakini shoka lilikuwa limeshamtoka mkononi. Alikuwa chini, ananitazama, ananiita shemeji. Hilo pigo la pili linaninyima usingizi.

Jana nilikwenda kituoni. Askari akacheka, akasema kila mama huja na maneno hayo, niende nyumbani nikapike. Nikaogopa kufungua mkono, nikarudi. Leo nitaufungua juu ya kaunta yao. Kiganja changu cha kulia hakina ngozi, ndiyo maana nakuandikia kwa kushoto. Mikono ya mdogo wako ni mizima, wailinganishe.

Njoo umpokee. Akikataa kutoka bila mimi, mvute kwa nguvu, wewe ndiye dada yake. Kwa mke wa jirani ingia upige magoti, usiseme neno, mwache akutukane mpaka achoke. Na akija tena yule bwana wa makumbusho kuiomba pasi, mwambieni sasa iko polisi, akaulizie huko.

Mbusu mjukuu wangu, msalimie mume wako. Mlale salama.

Ni mimi mama yenu.