Mama Mkwe Amesikia Yote Kwenye Spika

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie maana nyumbani kwangu hapa Kimamba hakukaliki. Mume wangu Lucas alinunua amplifaya ya mtumba na spika mbili kubwa, haina redio wala pa kuchomeka flashi, kwa hiyo anachukua waya, upande mmoja kwenye simu, lile tundu la spika za masikioni, upande wa pili kwenye amplifaya, na muziki unatoka vizuri kabisa. Jumamosi iliyopita binti yetu alipata kipaimara, tukachomeka simu yangu, spika tukazitoa uani, amplifaya na simu zikabaki sebuleni, nyimbo za kwaya zikawa zinapigwa uani wageni wakila pilau, mimi niko sebuleni napakua, mara dada yangu Anastazia, anayeuza chakula kwa madereva wa malori Mikumi, akapiga, nikapokea simu ikiwa bado na waya wake, nikaiweka sikioni, kimya.

Nikamwambia, "Sikusikii, ongeza sauti."

Akaongeza. "Huyo mama mkwe wako bado yupo tu? Si alisema siku tatu?"

Sauti ilikuja kwa mbali, kupitia dirishani, nikadhani ni mtandao, nami nikapaza yangu: "Yupo, mwezi wa pili huu, na kila sufuria anafunua."

"Mfungashie pilau aende nayo," akasema dada, akacheka.

Hapo nikagundua uani hakuna anayetafuna. Nilipotoka, mama mkwe alikuwa ameweka sahani chini. Akasema taratibu, "Endelea kuongea, mwanangu, tunakusikia."

Tangu siku hiyo hali chakula changu, anajipikia, na Lucas naye anakula anachopika mama yake. Dada anasema nidai tulikuwa tunamsema mama mkwe wa jirani. Nifanye nini?

Debora, Kimamba

Debora, marahaba. Pole, ingawa nimecheka. Huo uongo wa dada yako uache, maana jirani mwenyewe bila shaka alikuwa hapo uani anakula.

Simu iliyochomekwa waya hupeleka sauti kwenye waya, haijui kama mwisho wake kuna sikio moja au kijiji kizima. Kabla ya kupokea, punguza sauti ya amplifaya, kisha chomoa. Au tafuta simu ya zamani isiyo na laini, iwe ya muziki tu.

Lakini waya haukukutungia maneno, ni yako. Mtu aliyesema siku tatu akiingia mwezi wa pili, kuna kitu kinamzuia kurudi kwake. Umewahi kumuuliza? Mlimhesabia siku tu, wewe na Anastazia.

Kesho asubuhi, kabla hajawasha jiko, mpelekee uji. Piga magoti, msalimie, sema, "Mama, nilikosea kukusema." Ishia hapo, usiweke "ila". Kisha muulize kwao kuna nini, umsikilize. Habari ya lini ataondoka mwachie Lucas, mama ni wake.

Huenda asikujibu. Keshokutwa mpelekee tena.