Kidole Kilichopungua Kwenye Stempu

Dada Sarala wa gazeti, naomba unitatulie jambo,

Mimi Asakaji Shakya, fundi wa sanamu hapa mjini Patan, nina miaka themanini na tatu, nimepita matetemeko mawili makubwa, nimeona ufalme ukifutwa, nimezika madaktari watatu walioniambia niache pombe ya mchele, na barua hii naiandika kwa mkono wangu ingawa shule nilikaa misimu miwili tu, kwa hiyo usinifanye mtoto.

Miaka thelathini iliyopita walipoanzisha tuzo ya taifa ya filamu na televisheni walinijia mimi, si mwingine, niwatengenezee sanamu ya kwanza, mwanamke aliyeinua taa, na kwetu kila sanamu ina kalibu yake ya udongo, ukishamwaga shaba unaivunja, haina pacha. Ya kwanza shaba haikufika kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kikatoka nusu, nikaona aibu, nikatengeneza ya pili isiyo na dosari, sijaona nzuri kama ile hata kwa wengine. Siku ya kuichukua gari lao lilipiga honi hapo nje, nikazifunga zote mbili kwa vitambaa vyekundu mimi mwenyewe, hakuna aliyezigusa, sikutoka hata kunawa mikono, moja nikampa dereva, nyingine nikampa mdogo wangu Tejkaji aiyeyushe.

Sasa wametoa stempu ya miaka thelathini ya tuzo, imechorwa kutoka sanamu ile ile iliyo kwenye kabati lao la kioo, na mimi sijawahi kwenda kuitazama, kazi yangu naijua. Nikaiona stempu juu ya bahasha ya mwaliko wa harusi, nikachukua kioo cha kukuzia, kidole ni nusu! Mkamwana wangu akasema, "Baba, macho yamechoka, hicho ni kivuli." Nikamwambia, "Yamechoka yako!"

Tejkaji ameniibia, Dada. Siku ile tanurini alifungua kitambaa akaniuliza, "Kaka, una hakika ni hii?" Nikamwambia, "Tangu lini wewe ukanifundisha shaba? Choma!" Akasema, "Haya, Kaka, umesema wewe." Kwa nini aulize kama hana lake? Tuzo zikionyeshwa kwenye televisheni huinuka akatoka. Na stempu zilipotoka alikwenda posta asubuhi akazinunua zote, karani kaniambia. Nadhani ile nzuri ameifungia kwenye chumba chake cha ibada, sijui aliibadilisha vipi, labda walikula njama na dereva. Anasema shaba ile ndiyo kengele ya ua wetu, lakini shaba ni shaba, hata sufuria hutoa kengele.

Baada ya wiki tatu wanangu watanipandisha kwenye gari la kukokotwa kama mungu, ni sherehe yangu ya uzee, na mdogo mtu ndiye hushika kamba ya mbele. Nimemkataza. Mke wangu hali chakula kwa hasira. Je, nimpeleke mbele ya wazee wa ukoo kabla ya sherehe au baada?

Anayebisha ustadi wangu amuulize Purnaman mfua dhahabu, au Dhanamaya muuza mtindi. Kwenye tanuri tulikuwa wawili tu, lakini mimi natosha.

JIBU

Mzee Asakaji, nainamisha kichwa mbele yako, kisha nakugombeza.

Umeandika mwenyewe kwamba hakuna aliyezigusa. Umeandika hukutoka hata kunawa. Sasa huyo mwizi alipata wapi nafasi? Vitambaa viwili vya rangi moja, honi inapigwa, mikono yako ina haraka. Ile yenye kidole nusu ulimpa dereva wewe.

Nakuhurumia, najua inauma. Lakini fikiria mdogo wako tanurini, amefungua kitambaa, anaona vidole vitano. Akauliza, kama mdogo anavyoruhusiwa kuuliza, mara moja. Ukamfokea. Angesema nini tena? Miaka thelathini amekaa kimya ili jina lako lisichekwe na wafua shaba wote wa Patan. Stempu alizinunua usizione. Unamwita mwizi mtu anayekufichia aibu yako!

Usiende kwa wazee wa ukoo; utajishtaki mwenyewe. Wala usipekue chumba chake cha ibada. Kesho, kabla ya chai, nenda uani ugonge ile kengele, uisikilize vizuri. Ile sanamu isiyo na dosari imo humo, na umekuwa ukiamshwa nayo kila siku.

Kisha peleka kamba ya mbele nyumbani kwa Tejkaji kwa mikono yako, usitume mtu. Mwambie, "Uliniuliza, sikukusikia." Yatosha. Mwombe na stempu moja, uibandike ukutani, maana hata kile kidole nusu ni kazi yako.

Umewataja mfua dhahabu na muuza mtindi. Hawakuwepo. Shahidi wako ni mmoja, na umemkataza kushika kamba.